Soya ya Kwenye Chupa na Haraka ya Kusema Haramu



Sifa zote njema ni za Allah, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba zake.

Ndugu zangu wanafunzi, makala haya ni somo kuhusu namna mmea wa soya unavyooteshwa maabara kutoka kipande kidogo cha mche. Pia ni kukiri kosa nililolifanya kwa ulimi wangu mwenyewe. Ninasoma masomo ya Kiislamu, si kilimo. Mambo ya maabara niliyafuata baada ya kutoa hukumu juu yake, na utaratibu huo ulikuwa kinyume kabisa na tunavyofundishwa darasani.

SWALI LA MUKUJU

Kwetu ni Mukuju, kwenye njia ya kutoka Tororo kwenda Mbale. Mpaka wa Malaba uko karibu, na Busia si mbali. Chakula cha nyumbani ni atap, ugali wa unga wa muhogo uliochanganywa na ulezi au mtama. Muhogo ukikosekana, nyumba nzima inajua.

Likizo ya mwaka wangu wa kwanza, baada ya swala ya Ijumaa, kina mama wa kikundi kimoja cha akiba waliniita chini ya mwembe ulio nje ya msikiti. Walikuwa wameahidiwa miche ya muhogo iliyooteshwa maabara, waizidishe kwenye shamba la pamoja kisha wagawane vijiti. Mmoja wao akaniuliza, "Mwalimu, wewe unasoma dini chuo kikuu. Huu muhogo wa kwenye chupa ni halali?"

Nilikuwa nimetoka kusoma Suratun Nisaa. Nikaikumbuka aya ya 119, ambapo shetani anaahidi kuwaamrisha wanadamu waubadilishe uumbaji wa Allah. Nikawaambia kwamba mmea unaozaliwa kwenye chupa bila mbegu na bila udongo ni uumbaji uliobadilishwa, na kwamba ni salama zaidi kuuacha. Sikuuliza unaoteshwa vipi. Jibu langu halikuchukua dakika mbili, na wao wakanishukuru.

Miche hawakuichukua. Walipanda vijiti walivyozoea kupeana, na bibi yangu alikuwa miongoni mwao. Mwaka uliofuata walipochimba, majani yalikuwa mazuri na mizizi minene, lakini ukiukata muhogo ndani ulikuwa na madoa ya kahawia, makavu kama kizibo. Huo ndio ugonjwa wa michirizi ya kahawia, ambao nchini Uganda ulianza kuenea upya mwaka 2004. Huletwa na virusi, hubebwa na inzi weupe, na zaidi ya hapo hubebwa na sisi wenyewe tunapopeana vijiti vya shamba lenye ugonjwa. Mbuzi ambaye bibi alimweka kwa ajili ya Idi aliuzwa kununua unga. Nilipomwomba radhi alisema, "Si wewe, mjukuu wangu, ni ugonjwa." Jibu hilo halikunituliza.

NILIVYOPELEKWA MAABARA

Rafiki ninayekaa naye chumba kimoja anasoma kilimo. Mradi wake wa mwaka wa mwisho ulikuwa kuotesha soya kwa njia ya tishu kalcha, yaani kukuza mmea mzima kutoka kipande cha mmea ndani ya chupa yenye chakula maalumu. Nilipomsimulia habari ya Mukuju hakunicheka. Alisema tu, "Sheikh, njoo uone kwanza." Nilikwenda mara nyingi kwa muda wa miezi minne, na hizi ndizo hatua nilizoziona.

Kwanza ni kusafisha mbegu. Punje za soya zilizo nzima hupangwa kwenye visahani na kufungiwa usiku kucha ndani ya chombo chenye gesi ya klorini, inayotokana na kuchanganya dawa ya kung'arisha nguo na asidi. Kazi hii hufanywa kwenye kabati linalovuta hewa kuipeleka nje, maana gesi hiyo huua mtu pia. Msiijaribu hosteli.

Pili ni chakula. Kwenye maji safi hutiwa madini, vitamini, sukari kiasi cha gramu 30 kwa lita, na aga, unga utokanao na mwani ambao hugandisha maji kama uji uliopoa. Aga si jelatini ya mnyama, na nilifurahi kulijua hilo. Chakula hicho hupikwa kwa mvuke wa shinikizo kwenye nyuzi joto 121, kwa namna ileile inavyofanya kazi sufuria ya presha, ili kisibaki kijidudu hata kimoja.

Tatu ni kuotesha na kukata. Mbegu huoteshwa kwenye chakula hicho kwa siku tano au zaidi kidogo. Mche unapotokeza yale majani mawili manene ya mwanzo, ambayo wanasayansi huyaita kotiledoni, hukatwa chini yake, kisha kotiledoni hutenganishwa. Pale kotiledoni inaposhikana na kishina pana kifundo. Hapo hukwaruzwa kwa kisu kidogo, na kipande hicho huhamishiwa kwenye chupa nyingine.

Nne ni homoni. Mwaka 1957 Folke Skoog na Carlos Miller wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, walionyesha kwamba kinachoamua kipande cha mmea kitoe nini ni uwiano wa homoni mbili. Sitokinini ikizidi, kipande hutoa machipukizi. Oksini ikizidi, hutoa mizizi. Kwa hiyo soya hupewa kwanza sitokinini ili ichipue, kisha jiberelini ili machipukizi yarefuke, kisha oksini ili yatoe mizizi. Muda wote huo chupa hukaa kwenye chumba cha nyuzi joto kama 25, taa zikiwaka saa 16 na kuzimwa saa 8.

Tano ni udongo. Mche uliolelewa kwenye chupa ni kama mtoto aliyelelewa ndani bila kuona jua. Majani yake hayana nta ya kutosha kuzuia maji yasipotee. Huwekwa kwenye kikopo cha udongo, hufunikwa mfuko wa plastiki, na mfuko hufunguliwa kidogo kidogo kila siku mpaka mche uzoee.

Msidhani ni kazi nyepesi. Karibu nusu ya chupa zake za kwanza ziliota ukungu na kutupwa. Nyingine zilitoa mabonge ya seli yasiyo na jani wala mzizi. Katika miezi ile minne, miche iliyofika kwenye udongo ikasimama niliihesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Rafiki yangu alinieleza kwamba soya inajulikana kwa ukaidi wake maabara. Hata hivyo, elimu hii inaidai soya mengi. Chakula kiitwacho B5, kinachotumika leo duniani kote, kilitengenezwa na Oluf Gamborg na wenzake nchini Kanada mwaka 1968 walipokuwa wakikuza seli za mizizi ya soya.

KWA NINI SOYA, NA KWA NINI MUHOGO

Hapa ndipo nilipogundua kwamba hata swali lenyewe sikulielewa.

Muhogo na mgomba hatuvipandi kwa mbegu. Tunapanda kijiti au chipukizi, na ugonjwa wa mama huenda moja kwa moja kwa mtoto. Mwaka 1952 Georges Morel na Claude Martin, Wafaransa, walionyesha kwamba ukichukua ncha ndogo sana ya chipukizi la mmea mgonjwa na kuikuza kwenye chupa, unaweza kupata mche usio na virusi, kwa kuwa mara nyingi virusi havijafika kwenye ncha ile. Hiyo ndiyo miche waliyoahidiwa kina mama wa Mukuju. Haukuwa muhogo uliotiwa kitu kigeni. Ulikuwa muhogo uleule, umesafishwa ugonjwa.

Niseme pia upande wa pili, nisije nikatoka kwenye kosa moja na kuingia jingine. Mche safi si mche wenye kinga. Aina ya muhogo isiyostahimili ugonjwa, ikitoka chupani ikapandwa kati ya mashamba yenye ugonjwa, inzi weupe wataiambukiza tena. Kwa hiyo siwezi kudai kwamba miche ile ingeokoa kila shamba. Ninachokijua ni kwamba mimi ndiye niliyewafungia mlango.

Soya ni habari nyingine. Hupandwa kwa mbegu, na ua lake hujichavusha lenyewe, hivyo mkulima anaweza kuweka mbegu yake na kuipanda tena. Mkulima wa Tororo hahitaji soya ya chupa. Ugonjwa wa kutu ya soya ulipoingia Uganda mwaka 1996 na kuangamiza aina zilizokuwapo, jibu lilipatikana kwa kuzichavusha aina mbalimbali na kuchagua kizazi baada ya kizazi. Ndipo Chuo Kikuu cha Makerere kikatoa Maksoy 1N mwaka 2004, na nyingine zikafuata. Zao hilo lina protini karibu asilimia 40 na mafuta karibu asilimia 20, na vinundu vya mizizi yake huhifadhi bakteria wanaorutubisha udongo. Yote hayo yalipatikana bila chupa.

Basi soya inawekwa chupani kwa nini? Hasa kwa utafiti. Mtu akitaka kuingiza jeni kwenye soya, huiingiza kwenye seli chache, na seli hizo hazina faida mpaka zikue kuwa mmea kamili. Tishu kalcha ndiyo inayozifikisha huko. Mwaka 1988 makundi mawili ya watafiti wa Marekani yalifanikiwa kwa mara ya kwanza kupata soya iliyobadilishwa jeni. Kwa hiyo tishu kalcha ni chombo, kama kisu. Kisu hukata mboga, na kisu huweza kukata kisichofaa. Mimi nilikuwa nimeziunganisha habari mbili, usafishaji wa mche na ubadilishaji wa jeni, nikazipa hukumu moja.

TURUDI KWENYE DINI

Wanachuoni wa usuli wana kaida kwamba hukumu juu ya kitu ni tawi la kukifahamu kitu chenyewe. Tunaihifadhi kwa ajili ya mtihani. Tuitumie sasa katika masuala matatu.

La kwanza: je, tishu kalcha ni kubadilisha uumbaji wa Allah? Nilirudi kwenye tafsiri za aya ile ya 119. At-Tabari amepokea kauli mbalimbali za waliotangulia: wako waliosema makusudio ni kuhasi wanyama, wako waliosema ni kuchanja ngozi chale za urembo, na wako waliosema ni kubadilisha dini ya Allah, na kauli hiyo ya mwisho ndiyo aliyoipa nguvu. Kuotesha mmea kutoka kipande chake hakumo humo. Isitoshe, mtende wa Madina tangu zamani huzidishwa kwa kuchukua chipukizi la pembeni ya mama, na chipukizi hilo ni nakala ya mama yake. Vivyo hivyo kijiti cha muhogo. Tishu kalcha inafanya jambo hilohilo kwa kipande kidogo zaidi, na leo huko Al Ain, kwenye Falme za Kiarabu, mitende huzalishwa maabara kwa njia hii.

Kuna pia kisa cha kuchavusha mitende kilichopokewa na Imamu Muslim. Mtume (s.a.w.) alitoa maoni yake juu ya kazi ile, watu wakaiacha, mavuno yakapungua, naye akawaeleza kwamba katika mambo ya kazi za dunia yao wao ni wajuzi zaidi. Nilikuwa nakisoma kisa hicho kama dalili ya kusoma sayansi. Sasa nakisoma pia kama onyo kwangu. Ikiwa Mtume wa Allah aliwarudishia wakulima jambo lao, mimi wa mwaka wa kwanza niliwanyang'anya kwa kibali gani?

La pili: spiriti. Vyombo vya maabara huchovywa kwenye spiriti na kupitishwa motoni kabla ya kila mkato. Ndugu mmoja aliniuliza kama mmea huo haunajisiki. Wanachuoni wametofautiana juu ya unajisi wa kilevi chenyewe. Wengi wameuthibitisha, na wachache, akiwemo Rabia mwalimu wa Imamu Malik, hawakuuthibitisha. Lakini hapa spiriti huungua ikaisha kabla kisu hakijagusa mmea. Na Imamu An-Nawawi, katika madhehebu ya Shafi ambayo wengi wetu tunaifuata, ameeleza kwamba mazao yaliyoota juu ya samadi yenye najisi si najisi kwa asili yake. Mkulima anayetia mbolea ya ng'ombe ana swali kubwa kuliko la maabara, na lilikwisha kujibiwa karne nyingi zilizopita.

La tatu: mazao yaliyobadilishwa jeni. Hili ni suala jingine na linahitaji kutulia. Baraza la Fiqhi la Rabita huko Makka, katika kikao chake cha mwaka 1998, liliruhusu kunufaika na uhandisi wa jeni katika kilimo na mifugo kwa sharti kwamba tahadhari zote zichukuliwe kuzuia madhara kwa mtu, mnyama na mazingira, hata madhara ya baadaye. Kwetu mpakani suala lina uzito wa sheria za nchi pia. Bunge la Uganda lilipitisha muswada wa bioteknolojia mwaka 2017 na Rais hakuutia saini. Upande wa Kenya, serikali iliondoa mwaka 2022 katazo lililokuwapo tangu 2012, na mambo yakaenda mahakamani. Mwenye kutaka kulisemea hili ajue jeni ni ipi, imetoka wapi, nani anaimiliki mbegu, na nani ataumia. Mimi bado nasoma.

KURUDI MUKUJU

Likizo iliyofuata niliomba ruhusa kwa imamu, nikasimama baada ya swala ya Ijumaa. Nilisema kwamba mwaka uliotangulia nilitoa jawabu bila elimu, kwamba muhogo ule haukuwa haramu, na kwamba anayenilaumu ana haki. Nilieleza kwa ufupi mche unavyotoka kwenye ncha ya chipukizi, nikatumia mfano wa chipukizi la mgomba, maana kila aliyekuwapo ameshawahi kuling'oa na kulipanda.

Nilitegemea maneno makali. Yule mama aliyeniuliza mara ya kwanza aliuliza tu, "Na sasa miche yenyewe inapatikana wapi?" Sikuwa na jibu. Tulipokwenda kwa afisa kilimo, tuliambiwa miche ilikwisha kupewa kikundi cha parokia nyingine, na sisi tusubiri vijiti safi vya msimu unaofuata. Wakati wa kusubiri walipanda soya, kwa mbegu, shambani. Kukubali kosa kwangu kulichukua dakika tano, na wao walingoja msimu mwingine mzima.

MUHTASARI NA MASWALI

Katika Suratun Nahl, aya ya 116, Allah anatukataza kuziacha ndimi zetu ziseme uongo kwamba hiki ni halali na hiki ni haramu. Tumeizoea aya hii kwa wanaohalalisha haramu. Inamhusu pia anayeharamisha halali, hata kama nia yake ni kujihadhari. Anayetaka kujihadhari ajihadhari kwa shamba lake mwenyewe. Akishaulizwa na mwenye njaa, wajibu wake ni kuuliza wajuzi, kama tulivyoamrishwa katika sura hiyohiyo, aya ya 43, na ikibidi kusema, "Sijui, nipeni wiki mbili." Wiki mbili zingenitosha kufika maabara.

Na msidhani kwamba kujua hatua za maabara kunapunguza imani. Suratul Waqia, aya ya 63 na zinazofuata, inatuuliza juu ya tunachokipanda, ni sisi tunaokiotesha au ni Yeye. Rafiki yangu alipima homoni kwa mizani nyeti, akafunga taa kwa saa, akafanya kila kitu sawasawa, na chupa mbili zilizofanana zikakaa bega kwa bega: moja ikachipua, moja ikafa. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema Subhanallah.

Kwa duara zetu za wiki, napendekeza tujadili maswali haya:

1. Taja tofauti kati ya kusafisha mche kwa tishu kalcha na kubadilisha jeni zake. Kwa nini hukumu moja haiwezi kutosha kwa yote mawili?

2. Ni kauli zipi za wafasiri juu ya aya ya 119 ya Suratun Nisaa, na zinahusu nini?

3. Katika kijiji chako, ni nani anayeulizwa mambo ya dini, na je, ana njia ya kumfikia mtaalamu wa kilimo au tiba kabla hajajibu? Jumuiya yetu inaweza kumsaidiaje?

4. Umewahi kutoa jawabu ambalo baadaye uligundua si sahihi? Je, umerudi kwa uliyemjibu?

Allah atusamehe tuliyoyasema bila elimu, awape kheri wanaotulisha, na atujaalie kuwa wenye kurudi kwenye haki tunapoijua. Wallahu aalam.